Miguu Yangu Kwenye Chumba cha Kusikiliza

Mwanzo kabisa naomba mnivumilie. Mwandiko wangu unalala upande kama nyasi zilizopitiwa na maji, na maneno mengi sina uhakika yanaandikwaje. Niliishia darasa la saba. Ukurasa mmoja unanichukua jioni nzima, kwa sababu kila nikimaliza mstari naurudia kuutazama kama ninavyotazama mshono, na nikiuona umepinda natamani kufumua. Safari hii nimejizuia kufumua. Pale nitakapokosea mjue ni mkono tu, sijawadharau.

Tena sitataja jina la mtu. Kazi ninayoitaka inaanzia hapo. Watu wawili ninaowaeleza zaidi humu ni shangazi yangu aliyenilea na mzee mmoja wa Gongo la Mboto, na kila mmoja nilimwomba ruhusa kwa wakati wake. Mzee alisema, "Andika, ila usiwaambie watu kama nina kipara." Nikamwambia hilo ndilo nitakalolianza. Akacheka, kwa hiyo nimeliandika.

Kazi ninayoitaka ni ya mwanasaikolojia. Neno hilo nilijifunza kulitamka nikiwa peke yangu chooni, nisije nikalikosea mbele za watu.

Kwa sasa mie ni fundi cherehani, au tuseme nusu fundi. Kibanda chetu kiko Chanika. Fundi mwenyewe ndiye anayepima na kukata, mie napiga pindo na kutia vifungo. Mashine yangu ni ya kukanyaga, na kule kukanyaga kumeniingia mwilini. Nikikaa popote, hata kwenye mkeka kusikiliza mawaidha, miguu huanza kukanyaga yenyewe. Shangazi alikuwa ananipiga kofi la goti: "Wewe! Tulia. Mashine umeiacha dukani."

Siku moja alikuja mama mmoja mwenye miwani, amevaa suruali na raba, akaagiza pazia. Alilitaka zito, la tabaka mbili, lisilopitisha hata kivuli. Fundi wetu ni mtu wa maneno.

"Madamu, unafungua studio?"

"Hapana. Nafungua mahali pa watu kulia."

Fundi alicheka peke yake. Yule mama hakucheka, alilipa akaondoka. Lilipokuwa tayari nikatumwa kulipeleka Gongo la Mboto na kurekebisha pindo hukohuko likiwa limetundikwa. Chumba kilikuwa nyuma ya duka la dawa. Ndani mlikuwa na viti viwili tu, na havikutazamana. Vilikaa mshazari, kama watu wawili wanaotazama kitu kimoja mbali. Nilipiga magoti nashona pindo kwa mkono, naye amekaa anasoma. Mie siongei na wageni, lakini vile viti vilinisumbua, nikasikia sauti yangu inauliza.

"Hapa mtafanya nini?"

"Watu watakuja kuongea."

"Na wewe?"

"Nitawasikiliza."

"Halafu?"

"Halafu nitaendelea kuwasikiliza."

"Ndiyo kazi hiyo?"

"Ndiyo kazi. Nimeisomea miaka mingi."

Nilirudi Chanika, lakini akili ilibaki kule. Nilikosea vifungo vya shati la mwanafunzi, vyote nikavitia upande wa matundu. Maisha yangu yote watu walikuwa wananisema kwa kunyamaza. Shuleni nilikuwa siinui mkono. Kwenye harusi najificha jikoni. Nikawa najiambia, kumbe kuna kazi ambayo watu wanalipwa kwa kunyamaza, mbona mie nimeshaianza zamani! Nilifikiri nimeshafika nusu ya njia. Sikulala vizuri kwa muda mrefu baada ya hapo, na mchana nilikanyaga mashine hata pale ambapo hapakuwa na kitambaa.

Nilirudi kwa yule mama, ambaye kuanzia siku hiyo nilimwita madamu kama fundi alivyomwita, nikamwambia nataka kuwa kama yeye. Hakunidanganya. Alinieleza njia yote, kwanza darasa la jioni la wale tuliokomea la saba, ule mtihani watu wanaouita QT, kisha kidato cha nne, kisha chuo, na chuo tena. Alipomaliza kueleza nilihisi kama nimeonyeshwa mlima na sina viatu.

"Nyumbani wanasemaje?" akauliza nilipomrudia mara nyingine.

Nyumbani ni shangazi. Shangazi alikuwa ameshasema hapana.

Hapa inabidi niwaeleze shangazi. Yeye alikuwa mtani, na simaanishi utani wa kawaida wa kila mtu. Sie ni Wazaramo, na watani wetu wakubwa ni Wanyamwezi, tangu enzi zile walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani. Mnyamwezi akifiwa, Mzaramo ana haki ya kufika msibani na kufanya vituko ambavyo mwingine akivifanya atapigwa. Anamwiga marehemu anavyotembea, anavaa nguo zake, anakalia mfuniko wa sufuria la pilau mpaka alipwe. Wafiwa wanacheka na machozi hayajakauka, na wakishacheka wanakula. Shangazi alijulikana kuanzia Chanika mpaka Gongo la Mboto. Watu walikuwa wanatuma mtu wa kumfuata, kama wanavyotuma mtu wa kufuata turubai.

Mie nilikuwa nambebea mkoba, najibanza nyuma ya wanawake.

"Nyie wapagazi!" alikuwa akianza, bado yuko njiani. "Bibi wa watu mmemwacha aondoke mikono mitupu. Huko anakokwenda nani atambebea mzigo?"

"Tumekuachia wewe, Mzaramo! Wewe si unangoja kazi!" wafiwa walikuwa wakimjibu.

"Mie kubeba? Mie nimekuja kucheza. Ngoma iko wapi?"

"Ngoma mmeicheza mkamaliza mashamba. Mnauza kiwanja, mnacheza mdundiko, kesho mnapanga chumba kwenye kiwanja chenu wenyewe!"

Wanawake walikuwa wakipiga vigelegele vya kucheka, halafu wanafunika midomo wakikumbuka wako wapi.

Ukafika msiba mmoja Gongo la Mboto. Aliyefariki ni mama mtu mzima, Mnyamwezi, mke wa mtu. Shangazi alimfahamu kidogo kwa kukutana naye sokoni, na mtu yeyote, akishakutana naye mara mbili tu, shangazi anaweza kumwiga. Alijifunga khanga za marehemu, akavaa ndala zake, akachukua ufagio akafagia uani kwa kuinama upande mmoja, kama yule mama alivyokuwa akifanya kwa sababu ya mgongo kumuuma. Watoto wa marehemu wakaanza kucheka wakishikana. Kisha shangazi akaegemea ufagio, akaita kuelekea ndani, kwa sauti ya yule mama mwenyewe: "Baba! Chai inapoa!"

Kutoka chumbani ikatoka sauti ya mwanaume. "Mtoeni! Mtoeni huyo mwanamke nje! Sitaki kumsikia!"

Watoto wa marehemu wakaachiana mikono. Mtani hafukuzwi. Sijawahi kuona wala kusikia mtani akifukuzwa. Shangazi alivua zile ndala akazipanga mlangoni, moja kando ya nyingine. Akakunja khanga. Tukaondoka. Njia nzima aliongea habari za nyanya, kwamba zimepanda bei na bado zinauzwa mbichi.

Tangu siku hiyo hakuitika mwito tena. Wakija kumfuata anasema kichwa kinamuuma. Alikaa kibarazani anachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa, na msiba ule hakuutaja, nami sikumuuliza. Mie na kunyamaza kwangu.

Kwa hiyo nilipomwambia habari ya madarasa ya jioni na kazi ya madamu, alinitazama kama nimemtukana.

"Jioni? Giza linaingia, wewe unatembea? Na hiyo kazi yenyewe. Sie tunawasahaulisha watu machungu, nyie mnataka kuwakumbusha. Mtu amefiwa, unamwambia haya kaa, nieleze tena. Huo ni ukatili, mwanangu. Kashone."

Nilimpelekea madamu maneno hayo kama yalivyo. Akafikiri, akasema: "Njoo hapa Jumamosi, mchana, fundi akikuruhusu. Nikimuuliza mtu akakubali, utakaa chumbani na sisi. Nikiona unaweza kukaa na mtu, nitakuja mwenyewe kuongea na shangazi yako. Nikiona huwezi, nitakwambia ukweli, ubaki na mashine yako bila kupoteza ujana."

Mnaelewa hapo. Bila mtu mzima wa kuja kunisemea kwa shangazi hakuna darasa, na bila darasa hakuna chochote. Kila kitu kilikuwa kwenye kile kiti.

Mtu aliyekubali nikae naye alikuwa mzee mrefu mwenye fimbo nyeusi, ambaye mkewe alikuwa amefariki. Alikuwa akija kwa madamu kila mara na kuondoka bila kusema alichokijia. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba, akakaa. Madamu aliongeza kiti cha tatu, changu kikawa karibu na pazia. Baada ya muda mfupi dada wa duka la dawa akagonga mlango, akasema kuna mama ameanguka nje. Madamu akamwomba mzee radhi, akaniambia, "Kaa naye tu," akatoka.

Kaa naye tu. Niliona ni rahisi. Nilikuwa bingwa wa kukaa.

Mzee alitazama sakafu. Nami nikaitazama. Feni ilizunguka. Sikuwahi kujua kwamba kimya cha mtu mwingine kina uzito namna ile. Kimya changu nilikizoea, ni kama shuka najifunika. Kile cha mzee kilikuwa kinakuja upande wangu. Miguu ikaanza kukanyaga, kisigino, kidole, kisigino, kidole, mpaka kiti kikawa kinalia.

"Binti," akasema, "unashona nini huko chini?"

Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Ili nijifiche nikauliza la kuuliza: "Babu, kwenu wapi?"

"Tabora."

Hapo sijui nini kilinitokea. Mtu ambaye sijawahi kuomba hata chumvi kwa jirani kwa sauti ya kusikika, nilisimama, nikaichukua ile fimbo yake iliyoegemea ukutani, nikaibana kwapani.

"Basi hii nimeiteka. Mnyamwezi gani anakuja kwa Wazaramo na fimbo bila kulipia njia?"

Yalikuwa maneno ya shangazi, na sauti ya shangazi. Mzee aliinua uso. Akatabasamu, kisha akacheka kweli, mabega yakatikisika.

"Aah! Kumbe humu kuna Mzaramo! Ndiyo maana nikasikia miguu inacheza. Bado hujamaliza mashamba?"

"Limebaki moja, namngoja Mnyamwezi wa kulima."

"Mie nimezeeka. Nikomboe fimbo kwa kitu gani?"

"Kwa michembe. Viazi vya kwenu vilivyokaushwa. Na asali."

"Tamaa hiyo!"

Madamu aliporudi alitukuta tunacheka. Mzee akasema leo amefurahi, akaaga, akaichukua fimbo kwa ahadi ya kuleta fidia, akaondoka ananyoosha mgongo. Mie nilikuwa nimesimama nimejaa fahari. Nilijua kesho yake madamu atakwenda kuongea na shangazi.

Madamu akafunga mlango.

"Amesema nini?"

Nikaanza kueleza, mashamba, michembe. Akanisubiri nimalize.

"Nimeuliza amesema nini kuhusu kilichomleta."

Hakuwa amesema kitu.

"Alikuwa karibu kusema," madamu akaeleza, wala hakuwa mkali. "Nilipotoka nilimwona usoni. Umemchekesha akaondoka nacho hivyo hivyo. Msibani huko ni sawa, pale watu wanatakiwa wale walale. Lakini hebu niambie, ulimchekesha kwa ajili yake au kwa ajili yako?"

Alikuwa anajua jibu. Nilikuwa nimeshindwa kukivumilia kile kimya, nikakikimbia, tena nikamkimbiza na mzee. Nilichodhani nakijua maisha yangu yote kilikuwa woga tu, mtu anayejificha nyuma ya wanawake na mkoba mkononi.

"Shangazi yangu je?"

"Bado," akasema.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Nilivunja sindano. Fundi aliniuliza kama nina mchumba anayenisumbua, nikasema sina, akasema basi hilo la kukosa ndilo linalonisumbua. Nilikuwa nikienda nyumbani napita njia ndefu kwa makusudi, nikifika nageuka nakwenda tena mpaka kwenye mashamba ya mihogo na kurudi. Nilijaribu kukaa kimya na watu, kujizoeza. Nilikaa na jirani anayeuza mkaa, akaniuliza kama naumwa. Nilikaa na shangazi kibarazani, tukachambua mchele wote wawili, hakuna aliyesema kitu, na nikagundua kwamba pale nyumbani tulikuwa tumekaa hivyo tangu ule msiba, na kwamba nilikuwa sijui yeye anafikiri nini hata kidogo.

Nilihofia pia kwamba mzee hatakuja. Alikuja, Jumamosi, na mfuko wa plastiki.

"Michembe hii hapa, Mzaramo. Umenifilisi."

Nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru. Madamu alikuwa amekaa, ananitazama mie. Mzee akaendelea: "Haya, sema. Au njaa imekukata ulimi? Maana kwenu bila kula hamsemi, na mkila mnalala."

Jibu nilikuwa nalo, zuri kweli, lilikuwa limeshafika kwenye meno. Hata leo nalikumbuka. Nikalimeza. Nikakaa. Nikabana magoti kwa mikono, kwa sababu miguu ilikuwa imeanza. Mzee alingoja utani urudi, kama mtu aliyerusha mpira anavyongoja. Haukurudi. Tabasamu likabaki usoni mwake muda kidogo, halafu likaondoka, na chini yake palikuwa na sura nyingine. Feni ikazunguka. Nilitamani kukimbia mpaka Pugu. Nilikaa.

"Kuna mwanamke alikuja msibani," akasema mzee, akiwa anatazama pazia. "Mzaramo, kama wewe. Mie nilikuwa chumbani. Akaita kwa sauti ya mke wangu. 'Baba, chai inapoa.' Hivyo hivyo, kama anavyoitaga. Nami nikasimama niitike, binti. Nilisimama kabisa, nikatafuta viatu. Ndipo nikakumbuka. Nikamfukuza. Mtani! Nikamfukuza mtani msibani."

Akageuza fimbo mikononi. Mie nikazidi kubana magoti.

"Tangu siku hiyo watu wananiogopa. Wanangu hawamtaji mama yao mbele yangu, wanasema baba atakasirika. Nyumba haina hata jina lake. Nami ile sauti..." Akakohoa. "Ile sauti ndiyo ninayoitaka. Nakaa uani asubuhi nasubiri mtu aniite chai. Na aliyekuwa nayo nimemfukuza."

Alilia bila kujificha, na pazia lile lilifanya kazi yake. Nilikuwa nimelishona mwenyewe kwa mikono yangu, bila kujua nashonea nini.

Alipoondoka nilimwambia madamu kwamba mwanamke huyo anachambua mchele nyumbani kwetu. Madamu alivua miwani akaifuta.

"Usimwambie."

"Hata neno moja? Shangazi anaumia. Nikimwambia mzee anajuta atapona leo leo."

"Neno lile ni la mzee. Mzee nitamwambia mie kwamba mama huyo ni ndugu yako, ni haki yake kujua. Atakachotaka kufanya atafanya mwenyewe."

Alimwambia. Mzee akasema: "Asiambiwe. Bado sijawa tayari." Basi nikalibeba. Nawaambieni, nimewahi kubeba ndoo kutoka mbali, lakini sijawahi kuchoka kama siku zile nilizokula sahani moja na shangazi.

Madamu akaja Chanika Jumapili moja alasiri. Shangazi alimpa kiti kizuri, akamfungulia soda, akamtazama kuanzia raba mpaka miwani.

"Mwanangu, wewe kabila gani?"

"Mhaya, mama."

"Ah. Basi hatuna utani." Aliinamisha kichwa kwa masikitiko kabisa. "Haya, tuongee kama watu wazima."

Madamu alieleza habari ya darasa, mahali lilipo, saa za kuingia na kutoka. Shangazi alisikiliza, akayarudia yale yale ya kuwasahaulisha watu na kuwakumbusha.

"Wengine hawasahau, mama," madamu akasema. "Wananyamaza tu."

Shangazi akanigeukia mie.

"Haya wewe. Unakwendaga huko kila Jumamosi. Watu wanasema nini?"

"Siwezi kusema, shangazi."

"Wa Gongo la Mboto wanakuja?"

"Siwezi kusema."

"Wanyamwezi?"

Miguu ilianza kukanyaga. Nilikuwa nalo, pale pale, neno ambalo lingemfanya anyanyuke kwenye mkeka. Angefurahi, angenibusu, angenipeleka darasani mgongoni. Niliona kabisa namna ambavyo lingenifungulia kila mlango. Nikashika magoti.

"Siwezi, shangazi."

"Mie ndiye niliyekuogesha kwenye beseni lile pale."

"Najua."

"Na huniambii."

"Sikwambii."

Nilidhani ameshakasirika. Alinitazama muda mrefu, kama anavyomtazama mtu anayetaka kumwiga. Madamu alikunywa soda kidogo akaweka chupa chini taratibu.

"Basi," shangazi akasema polepole, "hata mie nikisema kitu, hakitafika sokoni."

Akavuta ungo wa mchele, akausukuma tena.

"Kuna msiba mmoja walinifukuza," akasema.

Nilikuwepo. Niliuona. Nilijua na upande wa pili ambao yeye hakuujua. Yote hayo niliyaacha yalipokuwa, nikakaa naye. Akaeleza kila kitu, ndala alizozipanga mlangoni, nyanya alizoziongelea njia nzima kwa sababu angenyamaza angelia barabarani. Akasema kinachomuuma si kufukuzwa. Ni kwamba labda yule mama mwenyewe, huko aliko, hakupenda alivyomwiga. Hilo lilimkaa moyoni kila siku. Aliongea mpaka soda ya madamu ikawa ya moto.

Alipomaliza alijipangusa uso kwa ncha ya khanga, akamwambia madamu, kama anayemalizia bei: "Jioni nitamsindikiza mwenyewe. Na nitamsubiri nje mpaka atoke. Sitaki kusikia giza, giza."

Ndivyo ninavyosoma sasa. Darasani mie ni mkubwa kuliko wengi, nakaa nyuma, na mwenzangu wa dawati ameshaniomba nisiitikise meza. Kiingereza kinanitesa. Hesabu nazielewa zikiwa za kitambaa tu. Shangazi hukaa kwenye benchi la mlinzi, na kwa bahati mlinzi ni Msukuma, na hao nao ni watani wetu, kwa hiyo mara nyingine nasikia vicheko kutoka getini katikati ya somo la historia. Ameanza pia kuitika miito ya misiba. Kichwa hakimuumi tena.

Mzee alikuja nyumbani kwetu baada ya Ramadhani, bila kuambiwa na mtu, na michembe mfuko mzima. Nilitoka nje makusudi, waliyoongea ni yao. Nilikaa nyuma ya nyumba, miguu inanienda. Baada ya muda mrefu nikasikia sauti ya mama ambaye mie sikumfahamu akiwa hai, ikitoka kinywani mwa shangazi, inaita kwamba chai inapoa. Kisha mzee akaitika.

Mtihani wangu bado. Usiku naota nimeandika ukurasa mzima na wasimamizi wanaufumua uzi. Sijui kama nitafika huko chuoni, sijui kama mtu mwoga anaweza kuwa kile ninachotaka kuwa, na madamu hataki kuniahidi. Kwa hiyo nawauliza ninyi. Kama wewe ulirudi shule ukubwani ukitokea la saba, au kama unafanya kazi hii ya kukaa na watu, niandikie unieleze miguu yako uliituliza vipi. Andika kwa mwandiko wowote. Mie nasoma polepole kama ninavyoandika, lakini nitasoma lote, na nitajibu.